Kwenda Kutibiwa Ulevi: Mambo ya Kutarajia Kabla, Ndani na Baada



Tumeombwa mara nyingi tuandike juu ya jambo hili. Karibu kila kikundi tunachotembelea, baada ya kusoma hesabu na kufunga mkutano kwa maombi, mama mmoja hubaki nyuma. Anangoja wengine waende. Halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Kuna mahali mnajua pa kupeleka mtu wa pombe? Na akipelekwa, wanamfanya nini huko?"

Swali hilo la pili ndilo tunataka kujibu. Wengi wanaogopa kituo kwa sababu hawajui kinachoendelea ndani. Wengine wanafikiri ni jela. Wengine wanafikiri ni kama karakana, unapeleka mtu mbovu, baada ya miezi mitatu unarudishiwa mzima. Si jela, na si karakana.

Tuanze na jambo lililotokea kwetu.

Yaliyotupata karibu na mto Tarach

Kikundi kimoja cha kina mama wanaofuma vikapu kwa majani ya mkoma kilikuwa na shida. Mwana wa mwenzao mmoja, mtu wa miaka thelathini na kitu, alikuwa anakunywa chang'aa kila siku, na asubuhi ndiyo alianza mapema zaidi. Bila kunywa mikono ilitetemeka hata hawezi kushika kikombe cha chai. Mbuzi zilikwisha. Bibi yake alirudi kwao na watoto.

Kina mama wakakaa, wakakubaliana. Wakasema, tumfungie ndani ya nyumba wiki moja, tumpe uji na maji, mpaka pombe itoke. Walifanya hivyo kwa upendo, na sisi tulipoambiwa hatukukataa. Hapo tulikosa.

Siku ya kwanza alitapika na kutokwa jasho. Siku ya pili usiku alianza kuongea na watu ambao hawako. Halafu akaanguka, mwili ukakakamaa, akauma ulimi mpaka damu. Wakambeba kwa pikipiki usiku huo, mmoja mbele na mmoja nyuma akimshika, wakamfikisha hospitali. Alipona. Mama yake alisema neno ambalo hatujasahau: "Mimi nilifikiri namponya, kumbe nilikuwa namuua."

Ndiyo maana tunaandika. Upendo bila kujua unaweza kuua mtu.

Je, ni ugonjwa ama ni tabia mbaya?

Tuseme wazi. Kuonja pombe kwenye harusi si ugonjwa. Lakini mtu akinywa sana kwa muda mrefu, mwili na ubongo hubadilika. Ubongo unazoea pombe mpaka unaihesabu kama chakula. Shirika la Afya Duniani limeweka hali hii katika orodha yake ya magonjwa. Dalili zake ni kama hizi:

1. Anahitaji kunywa asubuhi ili mikono iache kutetemeka.
2. Kiasi cha zamani hakimtoshi tena, anaongeza.
3. Ameahidi kuacha mara nyingi, na kwa kweli alitaka, lakini hakuweza.
4. Ameacha kazi, mifugo, watoto na kikundi, pombe imechukua nafasi yote.
5. Anaendelea hata baada ya daktari kumwambia ini limeumia.

Ukiona mambo haya, kumtukana hakusaidii. Pia usimwekee dawa ya kuacha pombe ndani ya chakula bila yeye kujua. Tumesikia watu wanafanya hivyo. Kuna dawa ambayo mtu akiimeza kisha akanywa pombe anatapika, moyo unakimbia, na anaweza kufa. Dawa hiyo hutolewa na daktari, kwa mtu aliyekubali mwenyewe.

Hatari ya kuacha ghafula

Watu wa Pwani wana jina la maumivu ya kuacha, wanayaita arosto. Kwa mtu wa pombe nyingi, mambo huenda hivi. Saa sita mpaka saa ishirini na nne baada ya kinywaji cha mwisho anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mtu wa kifafa. Kati ya siku ya pili na ya tano wengine huchanganyikiwa kabisa. Wanaona wadudu na watu ambao hawako, joto linapanda, moyo unakimbia. Hii ya mwisho inaua isipotibiwa. Na katika jua letu la Turkana, mtu anayetapika na kutoka jasho anakaukiwa maji haraka.

Kwa hivyo mtu aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafula peke yake nyumbani. Aende kwanza zahanati au hospitali. Na kama mnangoja gari siku mbili, msimnyang'anye yote mara moja, muulizeni afisa wa kliniki afanye nini wakati huo.

Akianguka, mlazeni kwa ubavu. Ondoeni mawe na moto karibu naye. Msimshike kwa nguvu, na msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Msimpe maji mpaka apate fahamu. Halafu mkimbizeni hospitali, hata kama ameamka na anasema yuko sawa.

Si kila kitu kina hatari ya namna moja. Mtu wa miraa akiacha analala sana, anakuwa na huzuni na ndoto mbaya, lakini kwa kawaida mwili haumwangushi. Mtu wa heroini anaumwa sana, anaharisha, mifupa inauma, na anahitaji dawa zake. Kenya ilianza kutoa methadoni kwa watu wa heroini mwezi wa Desemba 2014 pale Mathari, Nairobi, halafu Pwani. Tanzania ilikuwa imetangulia, ilianza Muhimbili mwaka 2011. Mtu aliyezoea vidonge vya usingizi naye asiache ghafula, hatari yake ni kama ya pombe.

Kabla ya kusafiri

Safari haianzi kwa kituo, inaanza kwa hospitali ya karibu. Hapo atapimwa, na daktari ataona kama anaweza kutolewa pombe hapa hapa au anahitaji kupelekwa mbele. Kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni kama kilomita 120. Kutoka Kakuma mpaka Eldoret, ambako hospitali kuu ya Moi ina kitengo cha watu wa pombe na dawa za kulevya, ni zaidi ya kilomita 400. Hiyo ni safari ndefu kwa mtu anayetetemeka. Aliyeko katika siku zile tano za hatari asipandishwe matatu kwenda Kitale akiwa peke yake.

Pia kuna simu ya NACADA, ile mamlaka ya Serikali ya kupambana na ulevi. Namba ni 1192, na hulipi kitu. Waulizeni kama kituo mnachofikiria kimesajiliwa. Vituo vingine vimefunguliwa na watu wa biashara tu, bila daktari wala mshauri aliyesoma. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kikundi kiulize maswali haya:

1. Kituo kina leseni? Tuonyesheni.
2. Kuna daktari au nesi usiku, ama ni mchana tu?
3. Malipo ni ngapi kwa mwezi, na ndani yake kuna nini? Dawa, vipimo na sabuni viko ndani ama ni kando?
4. Mnapokea SHA? (Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Mtu ajiandikishe mapema, si siku ya kusafiri.)
5. Mtu akitoka kabla ya wakati, pesa zinarudi?
6. Mnapokea wanawake? Wanalala kando na wanaume? Mama anayenyonyesha je?
7. Kuna mtu anayeongea Kiturkana, ama Kiswahili chepesi?
8. Mnampiga mtu, au mnamfunga minyororo?

Msione haya kuuliza hilo la mwisho. Kituo kizuri hakipigi mtu. Jibu likiwa "kidogo tu, akileta fujo", tafuteni kwingine. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake na kuheshimiwa.

Mzigo uwe mwepesi. Abebe kitambulisho, karatasi za hospitali, nguo, shuka, sabuni na mswaki. Anayetumia dawa za TB au za HIV abebe dawa zake zote na kadi ya kliniki, na awaambie wanaompokea. Asikatize dawa hizo hata siku moja kwa sababu ya safari. Ndugu zetu wakimbizi, ulizeni mapema ofisi ya wakimbizi juu ya karatasi ya kusafiri, isije ikawa mtu amekubali kwenda halafu anarudishwa barabarani.

Jambo la mwisho kabla ya safari ni kuongea naye. Ongeeni asubuhi kabla hajanywa sana, mtu mmoja au wawili anaowaheshimu, si kijiji kizima. Yule kijana wa Tarach aliongewa na mjomba wake na mama yake baada ya kutoka hospitali. Mjomba alisema hivi tu: "Mtoto wa dada yangu, mimi sikuji kukulaumu. Nimekuja kukuuliza. Ukiwa pale chini ulikuwa unataka kuishi ama kufa?" Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kuishi, mjomba." Basi wakaanza kupanga.

Siku ya kufika

Mtu akifika ataandikwa. Ataulizwa maswali mengi: alianza lini, anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho ni lini, alishawahi kuanguka, anatumia dawa gani. Aseme ukweli. Akisema chupa moja na kumbe ni tano, dawa atakayopewa itakuwa kidogo na ataumia.

Mzigo wake utapekuliwa. Hii huwaudhi wengi, wanasema "mimi si mwizi". Lakini wanapekua kila mtu, juu kuna wanaoficha pombe ndani ya chupa ya shampuu. Simu na pesa huwekwa ofisini, aombe karatasi ya kuonyesha alichoacha. Atapimwa damu na mkojo, na presha. Wataangalia ini, na wataangalia TB. Kipimo cha HIV ni kwa kukubali kwake mwenyewe.

Kituo kitampa karatasi ya masharti aweke sahihi. Kama hajui kusoma, ahakikishe amesomewa yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka kidole.

Wiki ya kwanza

Hii ndiyo wiki ngumu. Mtu anapewa dawa ya kutuliza mwili, kiasi kikubwa mwanzoni halafu inapunguzwa kila siku. Kwa wengi kazi hii huchukua siku tano mpaka kumi. Anapewa pia vitamini B1, kwa sababu mlevi wa siku nyingi huwa hana vitamini hii mwilini na bila hiyo ubongo unaweza kuharibika kabisa. Anakunywa maji mengi na kula kidogo kidogo.

Hatalala vizuri. Atakuwa na hasira. Atapiga simu, kama ameruhusiwa, aseme "nitoeni hapa, hawa watu ni wabaya, mimi nimepona". Mama, sikiliza vizuri. Kama analalamika kupigwa, kunyimwa chakula au kunyimwa dawa, fuatilia mara moja. Lakini kama analia tu kwamba anataka nyumbani, mwambie "tunakupenda, tunakungoja, vumilia". Wengi hutoroka siku hizi za kwanza, na wengi wa waliovumilia husema baadaye kwamba ilibaki kidogo tu.

Wiki zinazofuata

Mwili ukitulia, kazi yenyewe inaanza. Hapo ndipo watu wanashangaa, kwa sababu walifikiri matibabu ni sindano. Hakuna sindano ya kumaliza ulevi. Kazi kubwa ni ya kuongea, kusikiliza na kujifunza kuishi upya. Vituo vingi vya Kenya huweka mtu kama siku 90.

Siku ya kawaida huenda hivi. Kuamka mapema, kutandika kitanda, kufagia, kufua. Chai. Kikao cha asubuhi, kila mtu anasema ameamka vipi. Halafu somo: pombe inafanya nini kwa mwili, hasira, pesa, familia. Baada ya chakula kuna kikundi cha kuongea, na siku zingine mtu anakaa peke yake na mshauri. Jioni mpira ama kazi ya shamba. Usiku kikao kifupi, kulala.

Vituo vingi hutumia hatua kumi na mbili. Hizi zilitoka Marekani, katika umoja wa walevi waliosaidiana ambao ulianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, na wawili wa kwanza walikuwa mtu wa biashara na daktari. Hatua ya kwanza ni kukubali kwamba pombe imenishinda. Zingine ni kuangalia makosa yangu, kuyasema, na kurudi kwa watu niliowaumiza nikatengeneze. Kule Zanzibar, nyumba zinazoendeshwa na watu waliowahi kutumia dawa za kulevya wenyewe hufuata njia hii hii, na watu huziita soba hausi.

Maombi je? Vituo vya makanisa vina maombi, na hatua kumi na mbili zinazungumza juu ya Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Sisi tunaamini maombi. Lakini tunasema tena, anayetetemeka siku ya pili anahitaji maombi na daktari, vyote viwili. Asiye wa dini yetu asilazimishwe.

Mtu atarajie kuumia moyo. Pombe ilikuwa imefunika mambo. Ikitoka, yanarudi: mifugo iliyokufa katika ukame wa 2020 mpaka 2023, ndugu aliyeuawa katika wizi wa mifugo, vita alivyokimbia, mtoto aliyezikwa yeye akiwa amelewa. Akilia ndani ya kikundi si udhaifu. Akisema anataka kujiua, aambiwe mshauri siku hiyo hiyo.

Familia inafanya nini wakati huo?

Kituo kizuri huita familia. Nauli ni kubwa kutoka huku, tunajua. Kama hamuwezi kwenda, ombeni kuongea na mshauri kwa simu. Kikundi kinaweza kusaidia mambo matatu.

La kwanza ni kumtunza aliyebaki. Bibi na watoto wanahitaji chakula wakati huu, na pia wanahitaji kuongea, wao nao wameumia.

La pili ni kupanga madeni. Andikeni anadaiwa na nani, ili asirudi akutane na watu kumi mlangoni.

La tatu ni kuamua atafanya kazi gani. Mtu akirudi bila kazi, mahali pa kukaa ni pale pale kwa wanywaji.

Kurudi nyumbani

Watu hufikiri siku ya kutoka ndiyo mwisho. Siyo. Kituoni hakuna chang'aa. Hapa Kakuma iko nyumba ya tatu kutoka kwake.

Kabla hajatoka, mshauri huandika naye mpango: nani atakuwa rafiki wa kumwita hamu ikimshika, ni njia gani ya kwenda sokoni haipiti kwa mpishi, atafanya nini siku ya mshahara, na kliniki ni lini. Ombeni nakala ya mpango huo kama yeye amekubali.

Yule kijana wetu alirudi mwaka jana. Siku ya kwanza tu, rika lake walimwita chini ya mti. Wakamwambia, "Wewe umekuwa mwanamke? Onja tu." Alituambia kwamba miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Kilichomwokoa ni kwamba kina mama walikuwa wamempa kazi asubuhi hiyo ya kubeba majani ya mkoma, na walikuwa wanamngoja. Akawaambia wenzake, "Nangojewa." Basi akaenda.

Kwa hivyo mpeni kazi, lakini msimpe sanduku la pesa kwanza. Malipo yake mengine yawekwe na mtu anayemwamini mwenyewe. Katika harusi na vikao vya wazee apewe chai bila maneno. Mzee anayesema "mtu asiyekunywa na wenzake si mwenzetu" aambiwe kwa heshima kwamba neno hilo linaweza kuua.

Akianguka tena

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya inasema kati ya watu 100 waliotibiwa, 40 mpaka 60 hurudia. Inalinganisha na watu wa presha na pumu, nao hurudia kuumwa wakiacha kufuata matibabu. Hatumwambii mtu wa presha "tulikupeleka hospitali, sasa tumemalizana na wewe".

Kijana wetu alianguka mwezi wa pili. Alipotea siku tatu. Kina mama wawili walikwenda kumchukua, hawakumpiga kelele. Walimpeleka zahanati kwanza, maana walishajifunza. Leo tunapoandika hajaonja kwa miezi saba. Kesho hatuijui, wala yeye haijui. Anasema anahesabu leo tu.

Jambo moja la hatari: mtu aliyekaa muda bila heroini akirudia kwa kiasi kile cha zamani anaweza kufa hapo hapo, mwili umesahau. Familia ijue hivyo.

Kama hakuna pesa ya kwenda mbali

Si kila mtu anahitaji kulala kituoni. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Eldoret kwa watu 614 waliokuwa katika huduma ya HIV na wanakunywa pombe. Sehemu yao walikaa katika vikundi vidogo, mara sita, dakika 90 kila wiki, wakijifunza namna ya kukataa pombe na kushinda hamu. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa. Watu hao walipunguza kunywa kuliko wale waliopewa masomo ya kawaida ya afya.

Tunaona hili ni neno la matumaini kwa vikundi vyetu. Ninyi mnajua kukaa duara. Mnajua kuweka siri ya mwenzenu. Ongeeni na zahanati na wahamasishaji wa afya ya jamii: yule mwenye hatari ya kuanguka apelekwe hospitali, yule mwingine aanze na kikundi hapa nyumbani.

Na sisi tunaopika?

Hatuwezi kumaliza bila kusema hili. Kuna mama anayetuuliza juu ya mtoto wake mlevi, na mtungi wa chang'aa uko nyuma ya nyumba yake. Karo ya wadogo inatoka hapo. Hatumhukumu. Ukame ulipochukua mbuzi, pombe ndiyo iliyobaki kuuzwa.

Lakini tuseme ukweli kati yetu. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980, ila inataka leseni, kwa hivyo ile ya nyuma ya nyumba bado ni kosa. Na wengine wanachanganya spiriti ya viwanda ili ikate haraka. Mwaka 2000 Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 na kupofusha wengine. Mtu akinywa halafu macho yakawa na ukungu, tumbo na kichwa vikauma sana, asiambiwe alale. Akimbizwe hospitali.

Kikundi kianze na mama mmoja anayetaka kuacha kupika. Apewe zamu ya kwanza ya merigoraundi, aanzishe kitu kingine, mandazi ama vikapu ama kuku. Wa pili atafuata akiona wa kwanza hajalala njaa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mtu akiwa mlevi sana tunamfanya nini? Njia hiyo imesaidia nani, imeumiza nani?
2. Nani kati yetu anajua hospitali ya karibu inampokea mtu wa pombe siku gani? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?
3. Mtu akirudi kutoka kituo kesho, tutampa kazi gani asubuhi ya kwanza?
4. Mama mmoja akitaka kuacha kupika, tunaweza kumsaidia kwa nini, na kwa muda gani?

Msijibu yote siku moja. Chukueni swali moja, mkae nalo, mwandike mlichokubaliana na nani atafanya nini. Na yule mama anayebaki nyuma mkutano ukiisha, safari hii msimwache asimame peke yake. Mmoja abaki naye.